Kwenye Karatasi Anakula Vizuri

Jumatatu, 3 Machi

Kilo saba na gramu mia nne. Tena. Mwezi wa tatu huu mshale wa mizani unasimama palepale. Miezi kumi na sita ana binti yangu, na bado anaenea kwenye nguo za mtoto wa miezi minane.

Nesi wa mizani hakunong'ona. Wale hawakufundishwa kunong'ona. "Mama, unampa nini huyu mtoto?" Benchi zima la akina mama likageuka. Nampa nini? Nampa chakula, nimpe nini, kokoto? Sikusema hivyo. Nilisema uji, wali, maharage, yai. Akaweka nukta nyingine kwenye kadi. Mstari wa mwanangu, ambao unatakiwa upande, umelala.

Halafu kanipa karatasi. Wiki mbili. Kila kinachoingia mdomoni kiandikwe: saa, chakula, kiasi. Kama mshitakiwa!

Basi nimenunua na daftari hili. Ile karatasi ni ya nesi. Hili ni langu, la kutukania.

Mtoto mwenyewe tunamwita Mheshimiwa. Jina alilipata kwa kukataa chakula. Halii. Anainua kiganja, anageuza uso pembeni, kama mkubwa fulani aliyeulizwa swali asilolipenda. Zamani tulicheka sana. Siku hizi hakuna anayecheka.

Jumanne, 4 Machi

Karatasi nimeibandika kwenye mlango wa jiko. Mama mkwe kaitazama kama hati ya polisi.

Yeye ndiye anayeshinda na mtoto. Mimi natoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kiwandani kukata vitambaa vya sare, narudi jua linazama. Mume wangu ni fundi friji, kibanda chake kiko nyuma ya nyumba hapo hapo. Mama mkwe haoni herufi ndogo, kwa hiyo jioni yeye anataja, mimi naandika.

"Asubuhi kala nini, mama?"

"Uji. Kanywa wote."

"Mchana?"

"Uji. Kanywa wote."

"Saa kumi?"

"Mwanangu, mtoto kanywa. Kama huniamini, muulize mwenyewe."

Nikaandika bakuli moja, bakuli moja, bakuli moja. Mtoto anayemaliza bakuli tatu kwa siku anakonda vipi? Mbona haiingii akilini?

Alhamisi, 6 Machi

Umeme ulikatika kiwandani, msimamizi akaturudisha nyumbani saa saba mchana. Sijawahi kufika nyumbani saa saba. Leo ndiyo nimeuona huo uji.

Ule si uji. Ule ni maji yaliyopita karibu na unga. Nimezamisha kijiko nikakiona chote mpaka chini. Mtoto anaushusha kwa pumzi tatu, tumbo linajaa ndi, baada ya nusu saa anakojoa, kwisha. Kanywa wote — ndiyo, kanywa! Nani asiyekunywa maji?

Mama mkwe alikuwa mpishi wa shule miaka ishirini na sita. Masufuria mawili, watoto mia tatu, na unga ule ule waliopelekewa siku walipokuwa mia mbili. Mkono wake ulizoea. Ukiona kitu kizito, unakwenda kwenye ndoo ya maji wenyewe, haumuulizi mwenye mkono. Chai anaizimua. Mchuzi anauzimua. Dawa ya kikohozi ya mume wangu aliwahi kuizimua, mtu akakohoa mwezi mzima.

Nikamwambia taratibu, mama, uji huu mwepesi mno.

"Uji mzito unamkaba mtoto. Mimi nimelisha watoto mia tatu, mwanangu."

"Na hakuna aliyewahi kuwapima, mama."

Lilinitoka kabla sijalizuia. Kachukua sufuria iliyokuwa safi, kaiosha upya.

Jioni nikaandika kwenye karatasi: uji mzito, bakuli moja. Kwa nini nimeandika mzito? Kwa sababu nesi akisoma "mwepesi" atausoma kwa sauti, na benchi halitamtazama mama mkwe. Mama mkwe hayupo pale benchini. Nipo mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Kanuna. Kapika uji wa kuzibia nyufa za ukuta, mtoto kaukataa, na sufuria nzima kaniwekea mezani nije nijionee. Vita.

Jumamosi, 8 Machi

Na huyu baba mtu!

Leo tulifanya kazi nusu siku. Nimepita kibandani kwake, namkuta Mheshimiwa kakalishwa juu ya friji bovu, mashavu yamejaa biskuti, kashika chupa ya juisi yenye rangi ambayo hakuna tunda lililowahi kuwa nayo. Saa sita kasoro. Nikamuuliza mume wangu, hii imeanza lini? Eti kidogo tu, ya kumnyamazisha. Kidogo tu kila siku! Na wateja nao, kila anayeleta friji anamletea na Mheshimiwa peremende, kama vile anatoa rushwa.

Halafu saa saba tunamwekea maharage. Kiganja juu. Ya nini maharage, mtu kashiba sukari?

Nimesema mengi. Mume wangu alinisikiliza huku bisibisi iko mdomoni, akaitoa, akasema neno moja: "Afadhali kwangu anakula kitu. Kwako hali kabisa."

Hilo neno limeniingia. Sijampakulia chakula cha jioni, kajipakulia mwenyewe, na vyombo kaviacha makusudi.

Kwenye karatasi, saa sita kasoro: ndizi moja.

Jumapili, 9 Machi

Leo ilikuwa zamu yangu. Nikasema leo watajifunza namna mtoto anavyolishwa.

Nilifanya yote aliyosema nesi. Uji wa maziwa, karanga za kusaga, kijiko cha mafuta, na yai la kuchemsha pembeni. Nikamkalisha. Kijiko cha kwanza, kiganja. Cha pili, kiganja. Nikaimba. Nikajifanya gari, nikajifanya ndege. Uji ukapoa, nikaupasha, ukapoa tena. Saa nzima! Mama mkwe kakaa mlangoni anachambua mchele ambao ulishachambuliwa jana, sikio lote kwangu.

Basi nikafanya alichotufanyia mama yangu sisi sote. Nikamlaza mapajani, nikambana mikono kwa mkono mmoja, vidole viwili vya mkono mwingine nikamfunga pua. Mtoto akifungwa pua, mdomo utafunguka tu. Ukafunguka. Nikamimina. Kijiko, kijiko, kijiko.

Akapaliwa. Macho yalimtoka, sauti ikakatika. Mume wangu alimnyakua akampigapiga mgongoni, na uji wote ukarudi kwenye shati lake la Jumapili. Ndipo mtoto akalia, na mimi nikapumua.

Hakuna aliyenigombeza. Mama mkwe alisema tu, bila kuinua kichwa kwenye ungo, kwamba uji mwepesi hauna mambo hayo.

Nimekasirika. Nimemkasirikia mama mkwe, baba mtu, nesi, na mtoto pia, naandika kweli, nimemkasirikia mtoto wa kilo saba. Baadaye nilichukua kijiko kikavu nikirudishe kabatini. Akakiona, akakimbilia nyuma ya mlango.

Karatasi: uji wa maziwa na karanga, bakuli moja. Yai moja.

Jumatano, 12 Machi

Nimemfunga pua tena. Imeingia kama robo bakuli. Sitaki kuandika zaidi.

Jumamosi, 15 Machi

Karatasi imejaa pande zote mbili. Nimeisoma kuanzia juu mpaka chini. Mtoto wa ajabu huyu! Anakula mara tano, anapenda maharage, hamwagi. Ningependa siku moja nionane naye.

Na siko peke yangu. Juzi mume wangu kaandika kwa mkono wake: parachichi, nusu. Mwaka huu hakuna mtu aliyeleta parachichi ndani ya nyumba hii. Nikamsomea mama mkwe yote, anatikisa kichwa, eeh, ndivyo, ndivyo. Wiki nzima hatusemezani humu ndani, lakini kwenye uongo tumekuwa kitu kimoja.

Jumatatu, 17 Machi

Kilo saba na gramu mia tatu. Kapungua.

Nilijiandaa kwa makelele. Nilishapanga na majibu. Nesi kaisoma karatasi taratibu, mstari kwa mstari, kaigeuza, kasoma na nyuma. Halafu kanishika mkono.

"Pole, mama. Nilikufikiria vibaya. Anakula hivi halafu anapungua? Basi huyu ana ugonjwa."

Na haikutosha. Kaliinulia benchi ile karatasi. "Mnaona mama mwenzenu anavyolisha? Na anafanya kazi kiwandani huyu!" Akina mama wakaniangalia kwa heshima. Mmoja kaniuliza maharage nayapondaje.

Laiti ardhi ingepasuka!

Nimepewa barua ya hospitali kubwa. Damu, kinyesi, moyo, utumbo, kila kitu kitazamwe. Karatasi yangu kaibana nyuma ya barua ili daktari aone. Kutoka mezani kwake mpaka mlangoni kuna hatua saba. Nilikuwa na hatua saba za kusema, nesi, subiri. Nikamshukuru, nikatoka.

Jumanne, 18 Machi

Mama mkwe analia tangu jana. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Mpelekeni." Dakika tano baadaye, anafuta macho kwa kanga: "Kwani kwenu kuna watu wembamba hivi?" Kwetu! Sasa ugonjwa ambao haupo umeshapata na ukoo.

Nilimfuata mume wangu kibandani. Nikamwambia, turudi kwa nesi tumwambie ukweli.

"Ukweli upi?"

"Maji ya uji. Biskuti zako. Pua."

Alizungusha kipande cha bomba la shaba mkononi. Halafu akauliza, na kama kweli anaumwa? Kama ndani kuna kitu, na sisi tumezuia vipimo kwa midomo yetu, utajisamehe? Anajua kunifunga mdomo, huyu. Na ubaya wake ni kwamba huenda ana haki.

Kesho tunalazwa.

Jumatano, 19 Machi

Wodi ya watoto, kitanda namba tisa. Ukuta umechorwa twiga, rangi imebambuka, twiga hana shingo.

Mshipa haukuonekana. Mkono wa kulia, hapana. Wa kushoto, hapana. Wakaenda mguuni. Watu wanne wazima kumshika mtoto asiyezidi uzito wa ndoo ya maji, na mimi nikapewa kichwa. Nilimshika kichwa. Aliniangalia kwa chini kama anavyoniangalia nikiwa na kijiko.

Kila tundu la sindano kwenye mwili ule nimelitoboa mimi kwa kalamu. Naandika hivyo ili nikisoma siku nyingine nisije nikamtafuta mwenye makosa.

Alhamisi, 20 Machi

Majibu yametoka. Hana minyoo. Hana kifua kikuu. Moyo mzima. Damu imepungua kidogo. Mtu mwingine angeshangilia.

Daktari ni kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi, koti lenye mfuko uliochanika. Kanisomea karatasi yangu mwenyewe. Anasema kwa chakula hiki mtoto huyu angekuwa na kilo kumi, kwa hiyo utumbo wake haupokei. Lazima waangalie kwa kamera, inapita kooni, mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Mtaalamu wa kamera huja Ijumaa tu. Kwa mtoto mwenye uzito huu, anasema, dawa ya usingizi ina hatari zake, ataniambia zote kesho kabla sijasaini.

Kisha akauliza. Kwa upole, wala hakunishuku. "Hii karatasi ni sahihi, mama?"

"Ndiyo, daktari."

Ndiyo! Mlango aliufungua mwenyewe, mimi nikaufunga. Kwa sababu ya nini? Kwa sababu kasema "mama" kwa heshima, nikataka aendelee kuniheshimu. Mwanamke mzima.

Jioni. Jirani yangu wa kitanda namba kumi anauza mitumba, ana kijana wa miaka miwili anayemalizia homa ya mapafu. Chakula cha hospitali kilipokuja, wali na maharage, alitandika kanga sakafuni, akaweka sahani katikati, akamgeuzia mwanawe mgongo na kuendelea na simu yake na mteja. Basi. Hakulisha mtu.

Mheshimiwa akateremka kitandani. Akakaa. Akachota wali kwa mkono wake. Nusu uliingia mdomoni, nusu kifuani. Akachota tena. Akachukua harage moja moja, analitazama, analitia mdomoni. Nilihesabu tisa. Niliinuka. Sijui niliinukia nini, mikono haikuwa imenawa, wali unamwagika, sijui. Aliponiona nakuja, kiganja kikapanda.

Muuza mitumba akaweka simu begani. "Dada, muache. Wewe angalia dirishani."

Nilichukia. Nani kamuuliza? Watoto wangapi amezaa yeye? Lakini niliangalia dirishani, na nyuma yangu nilisikia anatafuna. Nililia kwa hasira, mgongo ukiwa kwao, nikajifanya nafunga pazia.

Ijumaa, 21 Machi

Kitandani wametundika kibao: ASILE WALA KUNYWA CHOCHOTE. Tangu alfajiri. Sasa ni saa nne.

Na leo Mheshimiwa ana njaa. Hajawahi, tangu azaliwe, kuomba chakula. Leo anaomba! Anaonyesha sahani ya kitanda cha kumi kwa kidole. "Mam. Mam." Anafungua mdomo mwenyewe, ananifungulia mimi, bila kulazimishwa, na mimi ndiye ninayemshika asiende. Siku zote nimekuwa nikiufungua mdomo ule kwa nguvu. Leo natakiwa niuzibe.

Mume wangu na mama mkwe wamefika saa tatu. Mama mkwe kaja na chupa ya uji, nesi kaiweka juu ya kabati. Wametutangulia watoto wawili. Wa kwanza kashaingia.

Nesi wa wodi kaleta fomu na kalamu. Daktari anakuja kueleza, halafu nisaini pale kwenye mstari. Alipoondoka nikamwambia mume wangu, mimi nasema. Nilitegemea aniambie tena habari za ugonjwa. Alitazama viatu vyake.

"Watatuonaje?"

Hicho tu! Siku zote hizo ananitisha kwa ugonjwa, kumbe na yeye anaogopa benchi. Nilitaka kumtukana. Sikupata tusi ambalo lisingenirudia mwenyewe.

Fomu nimeigeuza. Nyuma ni nyeupe. Nimeandika: Daktari, ile karatasi ya kwanza si kweli. Kweli ni hii. Nikaanza na uji wa bibi yake, maji matupu, bakuli tatu kwa siku. Nikaukata. Nikaanza na biskuti za baba yake. Nikazikata nazo. Halafu nikaandika: mimi mama yake namfunga pua ndipo ale, na ananiogopa. Baada ya hapo yaliyobaki yalishuka yenyewe, uji, biskuti, juisi, peremende za wateja, parachichi ambalo halikuwepo, na jana wali, na maharage tisa, kwa mkono wake mwenyewe.

Mama mkwe anashangaa. "Unaandika nini kirefu hivyo? Kusaini si jina tu?" Kampakata Mheshimiwa, anambembeleza, mtoto anajinyonganyonga kuelekea sahani ya jirani. Mam. Mam.

Mtoto wa pili katolewa. Kitanda cha magurudumu kinarudi kitupu, kinasukumwa kuja huku, na daktari yuko nyuma yake. Nimempa fomu, upande wa nyuma ukiwa juu. Naandika humu ili mikono iwe na kazi. Kalamu ya kusainia bado ninayo mimi.

Anasoma. Hajainua macho. Kitanda kimesimama mbele yetu, na mtu wa kukisukuma anamuuliza, daktari, tumchukue?

Daktari kamwinulia kiganja, asubiri. Muuza mitumba kakata simu. Mama mkwe anamwambia daktari asome kwa sauti, wote tusikie.